Pango Lililo Chini ya Boti

Boti ikishaizunguka Rasi ya Morgiou, nahodha hupunguza mwendo. Abiria wote huinuka na kujazana upande mmoja, simu mikononi, naye anaonyesha kwa kidole. Mbele yao ni jabali jeupe la chokaa lililosimama wima kama ukuta, misonobari michache iliyojishikiza kwenye nyufa, na maji ya buluu iliyokolea.

Basi. Hakuna kingine.

"Liko wapi?" lazima mtu mmoja aulize.

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Pango la Cosquer liko hapo hapo, kusini mwa Marseille, Ufaransa, chini ya miguu ya watu hao wanaolitafuta kwa macho ukutani. Ndani yake kuna farasi, nyati, sili na viganja vya watu waliokufa maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kupanda mbegu. Na watu hupanda boti kwenda kulitembelea, wakijua hawataliona. Mwanzoni nililiona jambo hilo kama kupoteza nauli. Sasa siamini hivyo tena, na nitaeleza kwa nini, ingawa njia yenyewe ni ndefu kidogo.

Mlango

Mlango wa pango uko mita 37 chini ya uso wa bahari. Ukiupita unaingia kwenye handaki lenye giza, lenye urefu wa zaidi ya mita 100, linalopanda taratibu hadi kwenye ukumbi ambao nusu yake ya juu bado ina hewa. Michoro iko humo, kwenye kuta zilizobaki juu ya maji. Sehemu kubwa ya pango, yapata nne ya tano, imezama.

Msomaji aliyezoea kuzamia kwa miwani na mapezi huko Mnemba au Watamu anaweza kudhani mita 37 ni suala la ujasiri tu. Tupige hesabu.

Chupa ya kawaida ya lita 12 iliyojazwa kwa presha ya bar 200 ina lita 2,400 za hewa. Mzamiaji wa mapangoni hufuata kanuni ya theluthi: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi isiyoguswa kwa ajili ya ajali, yake au ya mwenzake. Kwa hiyo ana lita 800 tu za kwendea. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, lakini kwenye mita 37 presha ni mara 4.7 ya huku juu, na pafu moja la hewa linameza mara 4.7 ya kile lingemeza nchi kavu. Pale mlangoni ni lita 94 kila dakika.

Kwa kuwa handaki linapanda, tuchukue wastani, yaani lita 57 kwa dakika. Kushuka hadi mlangoni, dakika mbili na nusu, kunakula lita 140 hivi. Handaki, ukienda polepole kama inavyotakiwa, tuseme dakika 12, linakula lita 680 hivi. Jumla ni lita 820.

Theluthi imekwisha kabla hujatoa kichwa majini.

Ndiyo maana hakuna anayestahili kuingia humo na chupa moja. Na hewa siyo hatari kubwa kuliko zote. Sakafu ya handaki ina tope laini kama unga wa muhogo. Piga pezi moja vibaya na maji yanageuka uji. Tochi yako yenye mwanga mkali inakuwa kama taa ya gari kwenye ukungu, unaona weupe tu. Hapo uhai wako ni kamba ya kuongozea iliyofungwa mlangoni, na kidole na gumba vilivyoizunguka. Ukiiachia, handaki halikwambii upande upi ni wa baharini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Mzamiaji wa kawaida hushuka, hukaa, kisha hupanda mara moja tu, akipumzika njiani ili naitrojeni itoke mwilini polepole. Humu anashuka mita 37, anapanda mpaka sifuri ndani ya pango, anafanya kazi kwa saa kadhaa, halafu analazimika kushuka tena mita 37 ndipo aweze kwenda nyumbani. Mwili hauipendi kabisa njia hiyo. Kila aliyechora ramani, kupima au kupiga picha moja humo ndani ameilipia kwa namna hiyo.

Mwaka 1991

Henri Cosquer alikuwa mzamiaji wa Cassis, mji mdogo wa bandari ulio mashariki mwa rasi hiyo. Alilifikia pango mwaka 1985, baada ya kulisogelea kidogo kidogo. Miaka sita ilipita kabla ya tochi kuangukia alama ya kiganja ukutani, Julai 1991.

Tarehe 1 Septemba mwaka huo, wazamiaji watatu walifia handakini. Siku mbili baadaye, tarehe 3, Cosquer alitoa taarifa rasmi ya ugunduzi wake.

Huwa nasita sana kwenye tarehe hizo mbili. Wapo wanaozipita haraka ili wafike kwenye farasi. Lakini ukiwa kwenye boti pale, maji yametulia na watoto wanakula biskuti, ni vizuri kukumbuka kwamba watu watatu hawakutoka. Baadaye mlango ulizibwa. Mwaka 1992 pango lilitangazwa kuwa urithi wa kihistoria unaolindwa, na leo hakuna anayeingia ila watafiti wenye kibali.

Halafu ukaja ubishi. Baadhi ya wataalamu wa historia ya kale walisema michoro ni ya kughushi. Hoja zao hazikuwa za kijinga: hakuna pango lenye michoro ya aina hiyo lililojulikana upande ule wa Provence, eneo la kusini mashariki mwa Ufaransa, na picha za ndege wa baharini hazikuwahi kuonekana kwenye pango lolote. Jean Courtin, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa pia mzamiaji, aliingia kuliona kwa macho yake. Jean Clottes, mmoja wa wajuzi wakubwa wa michoro ya mapangoni nchini humo, hakuwa mzamiaji; alilitetea kwa picha, kwa sampuli na kwa ujuzi wa jicho lake.

Kwa hiyo mmoja wa mashahidi wakuu wa pango hili alilithibitisha kabla hajalikanyaga. Hilo ndilo lililoanza kuniyumbisha. Kama yeye aliweza kulijua pango bila kuwa ndani yake, pengine abiria wa boti naye hajanyimwa kila kitu.

Vipimo vya kaboni-14 vya mkaa uliochorewa vilimaliza ubishi. Watu walilitumia pango kati ya miaka 33,000 na 19,000 iliyopita, na si mfululizo: kuna enzi ya viganja na enzi ya wanyama, na kati yake maelfu ya miaka.

Bahari haikuwepo

Wachoraji hawakuzamia popote. Waliingia kwa miguu, na mienge mikononi.

Barafu ilipofunika kaskazini mwa dunia, maji mengi yalikamatwa huko na usawa wa bahari ulishuka kwa zaidi ya mita 120. Ufuo ulikuwa kilomita kadhaa mbele ya jabali la leo. Pale inapoelea boti palikuwa na bonde na nyika ya baridi, na farasi wakila majani. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, na yapata miaka 10,000 iliyopita yakaufikia mlango.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunalo la kutusaidia kulielewa hili bila kwenda Ulaya. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya punda milia na nyati. Punda milia haogelei kutoka Bagamoyo. Alitembea, kwa sababu mlango wa bahari wa Unguja una kina kidogo, na bahari iliposhuka ulikuwa nchi kavu. Pemba, ambayo mkondo wake una kina cha mamia ya mita, ilibaki kisiwa. Anayevuka kwa boti kutoka Dar kwenda Unguja anapita juu ya malisho ya zamani, sawasawa na yule wa Morgiou.

Baada ya kulitafakari hilo, neno "pango la chini ya bahari" likaanza kunikera. Halikuwa hivyo kwa waliolitumia. Lilikuwa pango la mlimani, na bahari ni mgeni aliyekuja baadaye.

Yaliyomo

Hesabu za sasa zinataja michoro 229 ya wanyama wa jamii 13, viganja 69 vyekundu au vyeusi, na mamia ya alama nyingine. Farasi ndio wengi zaidi. Wamo nyati wa kale, mbuzi mwitu wenye pembe zilizopinda, kulungu, na paka mkubwa mmoja. Wamo sili. Wapo ndege watatu weusi wanene, mabawa yakiwa kama vikono vifupi, ambao ni ndege wa kaskazini asiyeruka anayefanana na pengwini. Wa mwisho wa jamii yake waliuawa Iceland mwaka 1844. Wapo na maumbo ambayo baadhi ya wataalamu huyasoma kuwa konyeza.

Viganja vingi vimekosa vidole, au tuseme vidole vimefupishwa; gumba lipo daima. Wengine walidhani ni baridi kali au ugonjwa uliovila. Mimi naegemea upande wa wanaosema vidole vilikunjwa makusudi, kama ishara za mkono za mwindaji asiyetaka kutoa sauti, kwa sababu baridi isingeliacha gumba salama kila mara.

Ila kinachonigusa kuliko farasi wote ni kuta zenyewe. Sehemu kubwa zimefunikwa na utando wa chokaa laini, mweupe, unaobonyea kama jibini, na watu wameukwaruza kwa vidole kila mkono ulipofika: mistari minne minne, sambamba, juu, chini, mshazari. Mahali fulani kuna alama ya mkono wa mtoto mdogo iliyobonyezwa kwenye utando huo, juu sana, ambapo mtoto hawezi kufika.

Mtu mzima alimbeba.

Bilauri iliyopinduliwa

Kwa muda nilijiridhisha na wazo kwamba bahari ndiyo iliyolitunza pango hili. Ni wazo zuri, na kwa sehemu ni kweli: hakuna aliyeingia na moto, wala kuandika jina lake ukutani, kwa miaka kama 10,000. Mapango ya bara hayakupata bahati hiyo.

Halafu nikajifunza jinsi hewa inavyobaki humo ndani.

Chukua bilauri, ipindue, izamishe wima kwenye ndoo ya maji. Maji hayaijazi, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani inayasukuma. Ukumbi wa Cosquer ni bilauri hiyo, ila ni bilauri ya mawe yenye nyufa, kwa hiyo hewa huvuja polepole na maji ya ndani hupanda. Kukiwa na dhoruba, mawimbi husukuma viputo vya hewa kupitia nyufa, presha ya ndani hupanda juu ya ile ya nje, na maji hushuka chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo maji ya pangoni hayafuati tu maji ya nje. Yana kupwa na kujaa kwake.

Mtu wa Unguja aliyezoea bamvua la karibu mita nne atacheka akisikia kwamba pale Marseille tofauti ya maji kupwa na kujaa ni kama shubiri moja na kitu. Lakini kwa ukuta uliochorwa kwa mkaa, shubiri ni nyingi mno. Kila panapofikiwa na maji ya chumvi, utando laini unayeyuka, viumbe wadogo wanatoboa jiwe, mkaa unaondoka. Chini ya mstari wa maji ukuta umechimbika kama sifongo na hauna mchoro hata mmoja. Hakuna sababu ya kuamini kwamba wachoraji waliishia hapo kwa adabu. Walichora hadi sakafuni, na sehemu kubwa ya kazi yao imekwisha kuliwa.

Bahari inayolilinda ndiyo inayolila.

Mwaka 2011 watafiti walikuta maji yamepanda ghafla kwa sentimita 12, yakiuharibu ukuta wa farasi weusi bila tumaini la kurekebisha. Huko nje, kipimo cha maji cha Marseille, kinachofanya kazi tangu 1885, kinaonyesha bahari imepanda kwa zaidi ya sentimita 15 tangu kilipoanza. Hakuna ukuta wa kuzuia unaoweza kujengwa. Ukiufunga mlango, maji yatapita kwenye nyufa. Ukisukuma hewa ndani kwa pampu ili maji yashuke, unabadilisha unyevu na gesi za chumba ambacho michoro yake imezoea hali moja kwa maelfu ya miaka. Nimelizungusha jambo hili kila upande na sioni namna ya kuliokoa lote.

Kilichobaki ni kupima. Mwaka 1994 shirika la umeme la Ufaransa, EDF, lilisaidia kutengeneza picha ya kwanza ya pande tatu kwa kutumia leza. Miaka iliyofuata wazamiaji waliingia na mashine bora zaidi, ukuta kwa ukuta. Kila safari ni masanduku yasiyopitisha maji yanayoburutwa handakini, betri zinazopoteza nguvu, lenzi zinazofanya ukungu kwa sababu unyevu humo ndani umefikia kikomo. Kiputo kimoja kikipenya kwenye sanduku, siku imekwisha.

Farasi wa saruji

Kutokana na vipimo hivyo, nakala ya pango ilifunguliwa Marseille tarehe 4 Juni 2022, katika jengo la Villa Méditerranée kando ya bandari. Wageni hukaa kwenye vigari vya watu sita, vilivyofanana na mitumbwi, na kuzungushwa kwa dakika kama 35 mbele ya kuta za saruji zilizochongwa na kuchorwa upya. Ramani imepindwa ili iingie kwenye jengo, kwa hiyo mpangilio wa kumbi si ule ule.

Kuna wanaoidharau. Wanasema ni sanamu tu, bora jabali la kweli hata kama halionyeshi kitu. Wengine wanasema kinyume, kwamba boti haina maana wakati nakala ipo.

Nimekuwa kwenye kambi zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Sasa naona kila moja inatoa kile ambacho nyingine haiwezi. Nakala inakupa mchoro: unaona jinsi mchoraji alivyotumia uvimbe wa mwamba kuwa tumbo la farasi. Haikupi kina. Huwezi kuketi kwenye kigari, umekauka, ukahisi mita 37. Boti inakupa kina, na inakupa umbali: unageuka, unatazama bahari iliyo wazi kusini, na unajua kwamba kote huko hadi mbali palikuwa ardhi.

Ukienda

Anza na nakala, kisha boti. Kinyume chake hutajua unatazama nini.

Boti zinazoondoka Cassis huuzwa kwa idadi ya ghuba. Mzunguko wa ghuba 3 unaishia En-Vau, na wa 5 unaishia Devenson. Yote miwili haifiki. Chukua wa 8 au zaidi, unaofika ghuba ya Morgiou, na hakikisha boti itaizunguka rasi. Wakati wa kwenda, majabali yako kulia kwako; kaa kulia. Uliza kabla ya kulipa kama nahodha atapunguza mwendo kwenye kijighuba cha Triperie, lilipo pango.

Upepo wa Mistral, unaotoka kaskazini magharibi, ukivuma, boti hazitoki, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Usiweke safari hii siku yako ya mwisho. Asubuhi bahari huwa tulivu zaidi.

Usifikirie kukodi boti na kuzamia mwenyewe. Kutia nanga na kuzamia hapo ni marufuku, na nadhani hesabu ya lita 820 imeshasema ya kutosha.

Na ukiwa kwenye nakala, kigari kinapofika mbele ya farasi weusi, usitazame vichwa, ingawa ni vizuri sana. Telemsha macho. Fuata shingo, kifua, mpaka pale mchoro unapokatika na ukuta mtupu unapoanza, kisha weka shubiri yako hewani juu ya mstari huo.

Kilichomo ndani ya shubiri hiyo kitazame kwa muda mrefu.